Alama Moja ya Mgeni

Oli, Arua
Jumanne asubuhi

Kwa Daktari Obitre,
Msimamizi wa Wodi ya Upasuaji

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

YAH: OMBI LA KUONDOA ALAMA YA MGENI KATIKA KIPIMO CHA KIDOLE TUMBO

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni Ramathan Muzamili, mwalimu mkuu mstaafu, niliyekufundisha hesabu darasa la sita, na hasa desimali, jambo ambalo wakati ule nililiona kuwa jema. Nina umri wa miaka themanini na minne. Macho bado yanasoma na mkono bado unaandika, ingawa leo naandika nikiwa nimelala kwa ubavu, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinikate alama. Mtu wa umri wangu hana tena haja ya kumwogopa mtu wala kumfurahisha mtu. Nina malalamiko, nina maombi, na mwisho nina ungamo, ambalo mtu aliye karibu na kaburi hapaswi kuondoka nalo.

Naomba jibu kabla ya kesho adhuhuri. Kuna mzee mmoja hapa Oli, jina lake silitaji kwa kulinda heshima yake, ambaye tumbo lilianza kumuuma jana mchana. Lilianzia kitovuni, sasa limehamia chini kulia na limekaa huko kama mpangaji asiyelipa. Kwa hesabu ya karatasi zako mzee huyu ana alama sita na nusu, na mlango wa chumba chako cha upasuaji hufunguka kwa saba na nusu. Barua hii inahusu hiyo alama moja inayompungukia.

Nieleze kidogo, ili hata kamati yako ikiisoma isipotee. Katika wodi yako unafanya utafiti wa kulinganisha karatasi mbili za kutambua kama kidole tumbo cha mtu kimeshika moto. Karatasi ya kwanza inaitwa Alvarado. Ina alama kumi, nayo inauliza habari za maumivu yaliyohama, hamu ya chakula, kutapika, homa na damu. Ya pili ilitengenezwa Asia, inaitwa Ripasa, na ni mdadisi zaidi. Inataka kujua kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke, kijana au mtu mzima, mkojo wake ni safi au si safi, na katika mstari wake wa mwisho inauliza kama ana kitambulisho cha nchi ya kigeni. Akiwa nacho, anapata alama moja nzima.

Nimeelezwa kwamba huko ilikotoka wageni wengi ni vijana waliofuata kazi, na kwamba madaktari wengine walipoichukua waliufuta mstari huo. Wewe hukuufuta. Ulisema utafiti ni utafiti, karatasi itumike kama ilivyozaliwa. Sikushangaa. Hata darasani, ulipokuwa ukinakili kutoka ubaoni, ulinakili mpaka alama ya kidole changu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Latifah aliletwa kwako pamoja na Night Poni. Wawili hawa wanauza samaki wakavu katika meza moja sokoni Koboko. Latifah ni wa hapa. Poni alikuja kutoka Yei, Sudan Kusini, akiwa mkimbizi. Waliugua siku moja, kama wanavyofanya kila kitu, wakaletwa Arua katika gari moja, nami niliwapokea langoni. Alvarado iliwapa kila mmoja nne na kuwashauri warudi nyumbani. Ripasa, ambayo ndiyo yenye ule mlango wa saba na nusu, iliwapa kila mmoja saba. Mpaka hapo walikuwa mapacha.

Ndipo daktari kijana, Agnes Keji, alipofika mstari wa mwisho na kuuliza kadi. Latifah alitoa kadi ya taifa, mpya, inayong'aa. Poni alitoa kadi ya mkimbizi, ambayo imetolewa na serikali yetu wenyewe. Je, hiyo ni kadi ya kigeni, au ni kadi yetu aliyopewa mgeni? Madaktari wakajadili. Mmoja alisema muhuri ni wa Uganda, mwingine akasema muhuri ndiyo, lakini sura ni ya Yei. Mjadala ulikuwa wa kiwango cha juu na ningependa kuusimamia zamani nilipokuwa na darasa. Poni, aliyekuwa amejikunja kama kambare kikapuni, alisema kwa sauti niliyoisikia nikiwa kwenye benchi nje: "Daktari, tumbo iko hapa, kadi iko kwa mfuko. Kata ile inauma!"

Iliamuliwa kuwa yeye ni mgeni. Alipata nane, akapasuliwa jioni ile ile, na kidole tumbo chake kilikutwa kizima, cheupe, hakina hatia yoyote. Latifah, raia mwenye saba, aliambiwa asubiri. Asubuhi homa ilipanda. Homa ina alama moja, kwa hiyo naye akapata nane, akafaulu. Nimefundisha miaka thelathini na kitu, na ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanafunzi aliyefaulu akiwa amebebwa na watu wanne. Kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka. Mungu na mikono yako vilimrudisha, na kwa hilo sitakulipa hata nikiishi miaka themanini mingine. Lakini shukrani ni shukrani na malalamiko ni malalamiko. Haya hapa.

1. Mwanamume anapata alama moja kwa kuwa mwanamume. Mwanamke anapata nusu. Kwa hiyo Latifah angekuwa kaka yake, angefikisha saba na nusu siku ile ile na kupasuliwa kabla ya magharibi. Kwenye mirathi naijua sababu ya nusu, na anayeuliza nitamjibu kwa aya. Lakini kidole tumbo hakirithi mtu. Hajati Medina, mke wangu, alipoelezwa alisema ni sawa kabisa, kwa sababu mwanamume akiumwa tumbo hupiga kelele mara mbili zaidi.

2. Aliye chini ya miaka arobaini anapata moja, aliyeivuka anapata nusu. Mtu wa arobaini na mmoja na mimi tumewekwa kwenye kapu moja, nami nilikuwa na wajukuu kabla hajazaliwa. Tena wazee tunapata hasara nyingine. Yule mzee wa Oli hana homa, hatapiki, na damu yake haijabadilika. Sister Driciru, muuguzi wa wodini kwako, aliwahi kuniambia, tulipokuwa tukimsubiri Latifah aamke, kwamba tumbo la mzee linaweza kuungua lote bila kutoa moshi. Basi mtu asiyeweza kutoa moshi ananyimwa alama za moshi, halafu ananyimwa na nusu nyingine kwa kuwa ni mtu asiyeweza kutoa moshi. Shuleni kwangu mwalimu aliyesahihisha hivyo ningemhamishia Kuluba, mpakani kabisa.

3. Maumivu yasiyozidi siku mbili yana alama moja. Yakizidi, yana nusu. Yaani kadiri mgonjwa anavyosubiri ndivyo anavyopungukiwa, na ninyi ndio mnaomwambia asubiri. Yule mzee akifika kesho adhuhuri bila kuhudumiwa, atashuka kutoka sita na nusu hadi sita, bila kufanya kosa lolote isipokuwa kuendelea kuumwa.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Babu yangu aliletwa nchi hii akiwa askari, na bunduki isiyokuwa yake, akazikwa katika udongo ambao umekuwa wake kwa vizazi vinne. Mama yangu alikuwa Mkakwa wa Kuluba. Mimi nimezaliwa Oli. Hata hivyo nimeulizwa kwetu ni wapi na mwalimu, na karani, na polisi, na hata mtu aliyekuja kununua baiskeli yangu. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipotufikia, tulikimbilia Kongo. Kongo wakatuambia turudi kwetu. Tuliporudi kwetu tukaambiwa turudi kwetu.

Vitambulisho vya taifa vilipokuja, afisa aliniuliza nitathibitisha vipi. Nilimpeleka makaburini. Nilimwonyesha babu, nikamwonyesha baba, nikamwonyesha nafasi yangu mwenyewe niliyoiacha katikati yao, nikamwambia kwamba mgeni hajichagulii kaburi. Alicheka, akaandika. Kadi ile naitunza ndani ya kitambaa kimoja na tasbihi yangu. Sasa najifunza, kwa karatasi yako, kwamba siku nilipokabidhiwa kadi ile ndiyo siku nilipopoteza alama moja ya tumbo.

Tena ngoja. Mjomba wangu, kaka wa mama, alijenga ng'ambo ya kijito kinachotenga Kuluba na Kongo. Wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa kwato. Mwanawe, Mogga, ni rika langu, ni Mkongo, na ana kadi ya mpiga kura ya huko. Pua yetu ni moja, ya babu yetu mzaa mama, na watu wa sokoni bado wanatuchanganya. Niambie, mwanangu, kama tumbo lake na langu yanaweza kupishana kwa alama nzima kwa ajili ya maji ambayo mbuzi hayaoni.

5. Habari imefika Koboko. Zamani watu wa ng'ambo walikuwa wakiazima kadi zetu ili wapate laini ya simu. Sasa sisi tunaazima za kwao ili tupate kuumwa. Nimesikia habari ya mtu wa Kuluba aliyevunjika mguu, akaja na kadi ya Kongo na nyingine ya Sudan Kusini, akauliza kama zinajumlishwa. Mkulima mmoja wa Ajia, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni kuja mjini kuuza mihogo, alijitambulisha kuwa Mkongo, na alipoulizwa mji mkuu wa nchi yake akajibu Arua. Wazazi wetu walitumia maisha yao wakiapa kwamba sisi si wageni. Sisi tunapanga foleni kuapa kwamba ndio. Mambo yakiendelea hivi, wodi zote zitajaa wageni waliozaliwa Koboko. Wakubwa watasema wageni wanamaliza dawa, amri itatoka, na wilaya nzima itavuka kijito kwa miguu, imeshika tumbo upande wa kulia.

6. Karatasi zako zote mbili zimesahau barabara. Zamani njia ya Koboko mpaka Arua ilikuwa na mashimo ambayo yalikuwa yakifanya kazi ya hospitali. Mwenye kidole tumbo alilia kwenye kila shimo. Mwenye minyoo alilala. Gari likifika Arua, abiria wote walikuwa wanajua nani aende kwa daktari na nani aende kunywa dawa ya minyoo. Sasa kuna lami, nasi tunaishukuru, lakini yamebaki matuta tu. Siku ile Latifah alipiga kelele kwenye kila tuta kutoka Koboko, na penye lami laini alinyamaza. Poni yeye alilalamika kwa mfululizo, pawe na tuta au pasiwe na tuta. Dereva alidhani wanausema uendeshaji wake, akaongeza mwendo. Jibu lilikuwa limeshatolewa ndani ya gari, ila hakuna mstari wa kuliandika. Na yule mzee wa Oli, jana jioni, alipopanda bodaboda kwenda kliniki kupima damu na mkojo, alisema inna lillahi kwenye kila tuta, mpaka kijana wa bodaboda akamuuliza, "Mzee, nani amekufa?"

Kwa sababu hizo, naleta maombi yangu kwa mpangilio.

Kwanza, alama moja iondolewe kwenye kadi na ipelekwe kwenye matuta. Yule mzee atapata saba na nusu kwa njia ya halali, na hakuna atakayemwuliza babu yake alitoka wapi.

Kama hilo ni gumu, basi kila mgonjwa apewe alama ya mgeni, kwa kuwa sheikh wetu na padre wenu, ambao hawakubaliani juu ya jambo lingine lolote, wote wawili wanafundisha kwamba binadamu ni mpita njia tu hapa duniani.

Kama na hilo ni gumu, basi fuateni mantiki yenu mpaka mwisho. Afisa wa uhamiaji akae ndani ya chumba cha upasuaji na muhuri wake, na kila kidole tumbo kinachotolewa kigongwe tarehe ya kutoka. Kile cha Night Poni, kilichofukuzwa bila kosa, kipewe haki ya kukata rufaa. Na cha Latifah kitangazwe kuwa raia mwema, maana kilisubiri zamu yake mpaka kikapasuka.

Najua utanijibu kwamba karatasi ni msaada tu na mkono wa daktari ndio unaoamua. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, ndiyo. Lakini siku ile nilikuwa kwenye benchi, nikaona mikono mitano ya madaktari, na yote ilikuwa imeshika kalamu.

Sikulaumu wewe. Nilikufundisha kwamba nusu ni nusu na haigeuzwi kuwa moja kwa huruma, nawe ulikuwa msikivu kupita wote. Lakini elewa msimamo wangu. Mtu hapaswi kuwa mgeni ndipo atibiwe. Mimi Ramathan niko tayari kufa kabla ya kuikana nchi hii kwa ajili ya alama moja, na mzee yeyote mwenye heshima hapa Oli atakuambia hivyo hivyo. Naomba kamati yako ikae, isome, ifute.

Nisalimie Sister Driciru, mwambie uji wake ndio uliomsimamisha Latifah, ambaye sasa amerudi mezani kwake na anampunja Poni samaki kama kawaida. Nisalimie Agnes Keji. Ana tarakimu nzuri, saba yake haifanani na moja, na katika kazi yenu hilo si jambo dogo. Nisalimie mlinzi wa lango aliyenipa kiti, na yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani aliyenigawia karanga bila kuniuliza kwetu. Na kwa mama yako mzazi, salamu za pekee. Mwambie yule mtoto wake aliyeogopa desimali sasa anaogopwa kwa desimali hizo hizo.

Nabaki kuwa mwalimu wako, na raia,

Ramathan Muzamili
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nyongeza, alasiri hiyo hiyo:

Niliahidi ungamo. Yule mzee wa Oli ni mimi.

Hajati Medina hajui. Anadhani nimesusa chakula kwa sababu ya chumvi, na amekasirika, nami naona ni heri akasirike kuliko aogope. Nimejipima mwenyewe kwa karatasi zako, kwa uaminifu, kama nilivyokuwa nikisahihisha watoto wa watu. Alvarado, nne. Ripasa, sita na nusu. Nimehesabu mara tatu nikitumaini nimekosea, na bahati mbaya sikosei hesabu.

Baada ya adhuhuri niliisoma barua hii tangu mwanzo. Ni barua nzuri. Lakini naijua kamati. Haitakaa kabla ya kesho adhuhuri, saa ambayo nusu yangu itaanguka, na hapo hata alama nzima ya nyongeza haitanifikisha mlangoni. Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba usiifute alama ya mgeni. Usiiguse. Waambie wasubiri, wao hawaumwi.

Nilimpigia simu Mogga. Amefika sasa hivi na kadi yake ya mpiga kura, na alipoelewa ninachotaka alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote wewe nasema wewe si mutu ya Kongo," akaniambia. "Leo tumbo imekurudisha nyumbani." Nilianza kucheka naye, nikaacha. Kucheka kunaniuma upande wa kulia, na hilo nalo halina mstari.

Latifah, niliyemwita kutoka Koboko, atakapokukabidhi barua hii, nje kwenye benchi atakuwa amekaa mzee mmoja wa Kongo aitwaye Mogga, mwenye pua yangu. Mpe sita na nusu zake, mjumlishie moja, mpasue. Ukimtambua, kumbuka ni nani aliyekufundisha kujumlisha, unyamaze.

Nikipona nitakuja mwenyewe, kwa jina langu, kudai alama ile ifutwe kama nilivyoomba hapo juu. Nisipopona, kitambaa chenye tasbihi na kadi yangu anacho Latifah. Mwambie akifungue mbele yako. Na msiandike popote kwamba kuna Mkongo aliyefia Arua. Ile nafasi katikati ya babu na baba ni ya Ramathan, na afisa wa serikali alishaiona.